Maji Yaliyomwagika: Vipengele vya Tanzia katika Kinjeketile

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tuanze na jibu ambalo limezoeleka darasani. Swali linauliza: "Kinjeketile ni tanzia. Thibitisha." Mwanafunzi anashika kalamu na kuandika kwamba ni tanzia kwa sababu watu wengi wanakufa, kwa sababu maji hayakuzuia risasi, na kwa sababu mhusika mkuu anaishia mikononi mwa Wajerumani. Hoja tatu, mifano mitatu, basi. Anayesahihisha anatoa alama mbili tatu na kufungua karatasi inayofuata.

Jibu hilo si la uongo, lakini halijagusa kiini cha tamthilia. Vifo vingi havifanyi kazi ya fasihi kuwa tanzia. Ajali ya barabarani huua watu wengi, nayo ni msiba, wala si tanzia kwa maana ya kifasihi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utanzia wa Kinjeketile hauko katika risasi iliyoshinda maji. Uko katika mtu anayeanza kulitilia shaka neno lake mwenyewe wakati ambapo neno hilo limekwisha kuwaunganisha watu, na ambaye hawezi kulirudisha bila kuwatawanya. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kinjeketile ndiye aliyeyamwaga, na ndiye wa kwanza kutambua kwamba hayazoleki.

Tanzia ni nini?

Kabla ya kuingia katika tamthilia yenyewe, ni vyema tukumbushane. Mwanafalsafa wa Kiyunani, Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alieleza mambo ambayo wahakiki wameendelea kuyatumia. La kwanza ni mhusika mkuu mwenye hadhi, asiye mwema kupindukia wala mwovu kupindukia. La pili ni kosa la kitanzia, yaani uamuzi au upungufu unaomfikisha kwenye maangamizi. La tatu ni mgeuko wa mambo, pale ambapo tendo lililonuiwa kuleta heri linazaa shari. La nne ni utambuzi, wakati mhusika anapofumbuka macho na kuuona ukweli, aghalabu akiwa amekwisha kuchelewa. La tano ni athari kwa hadhira: huruma na hofu, na kutakasika kwa hisia hizo.

Angalia, mtahiniwa, kwamba kifo chenyewe si sharti la kwanza. Kinachotakiwa ni mtu anayeangamia kwa njia inayotoka ndani ya wema wake mwenyewe. Mwizi akikamatwa hatusemi ni tanzia. Mtu mwema akiangamizwa na kile kile kilichomfanya awe mwema, hapo tunashika tama.

Historia na tamthilia

Tamthilia hii ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka wa 1969, miaka minane baada ya uhuru wa Tanganyika. Msingi wake ni Vita vya Maji Maji vilivyopiganwa kusini mwa nchi hiyo kati ya 1905 na 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Wananchi walilazimishwa kulima pamba, wakatozwa kodi, wakapigwa viboko na wanyapara. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa mipamba, na moto wa vita ukaenea. Wajerumani walipoona hali ni ngumu walichoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Takwimu za Wajerumani zilitaja watu 75,000 waliokufa. Makadirio ya wanahistoria wa baadaye yanafika kati ya 250,000 na 300,000.

Mtu aliyesambaza imani ya maji alikuwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Hapa naomba usome kwa makini, kwa maana ndipo penye ufunguo. Kinjikitile wa historia alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Shambulio la boma la Mahenge, ambapo wapiganaji wengi walimiminiwa risasi za bombomu, lilitokea tarehe 30 Agosti, yeye akiwa amekwisha kuzikwa. Kwa hivyo Kinjikitile wa historia hakuishi kuona maji yakishindwa. Hakuna aliyemtaka awakane wafu.

Kinjeketile wa tamthilia anaishi. Mwandishi amemhifadhi mpaka baada ya kushindwa, akamtia gerezani, akamweka mbele ya swali ambalo Kinjikitile wa historia hakuulizwa. Hussein mwenyewe anatanguliza kazi yake kwa kutueleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Wanafunzi wengi huruka utangulizi huo. Mwalimu, usiwaruhusu. Badiliko hilo la wakati wa kifo ndilo lililoitoa habari katika tarihi na kuitia katika tanzia.

Kosa la kitanzia

Mwanzoni mwa tamthilia tunakutana na jamii iliyobanwa. Wanawake wanalalamikia njaa. Wanaume wanatumikishwa katika shamba la pamba la Bwana Kinoo, mashamba yao wenyewe yakikaa bila mkulima. Wanaokutana kupanga namna ya kujikomboa hawaaminiani. Kila mmoja analiangalia kabila la mwenzake kwa jicho la pembeni. Adui ni mmoja, lakini wanaoonewa ni makundi.

Katika hali hiyo Kinjeketile anapagawa na mzimu wa Hongo, anavutwa na nguvu isiyoonekana hadi mtoni, anazama. Watu wanaangua kilio wakijua amekufa. Siku ya pili anatoka akiwa hai, na mkononi ana maji. Anawaambia watu wawe kitu kimoja, kwamba atakayetumia maji hayo hatadhuriwa na risasi, na kwamba Mjerumani ataondoka. Katika kutabiri huko linamtoka pia neno kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said.

Neno hilo la mwisho ndilo linalomchoma. Seyyid Said alikuwa Sultani wa Zanzibar. Ikiwa Mjerumani ataondoka ili Sultani aingie, watu watakuwa wametoka utumwani wakaingia utumwani. Kinjeketile anashtuka mwenyewe kwa alichokisema. Je, Hongo amemdanganya? Na kama amemdanganya kuhusu hili, atamwaminije kuhusu maji? Shaka imeingia, na shaka ya nabii haina pa kwenda.

Basi kosa lake la kitanzia ni lipi? Wahakiki wengine watasema ni ushirikina. Mimi nakataa, nami naomba ukatae pia, au angalau upime. Kinjeketile hakutunga hadithi ya maji ili awahadae watu. Aliyapokea kwa imani, akawapa kwa imani. Kosa lake lilikuja baadaye: alipopata shaka, hakuitangaza. Alimweleza rafiki yake Kitunda, jemadari wa vita, lakini umati uliokuwa ukisubiri maji haukusikia. Aliwaonya wasubiri, wasianze vita mpaka awaambie, wajifunze kwanza kupigana. Hakuwaambia wasiyaamini maji.

Kwa nini alinyamaza? Hapa ndipo wema wake unapogeuka kuwa kamba ya kumfunga. Kabla ya maji walikuwa makabila. Baada ya maji walikuwa watu. Angesema, "Sina hakika," umoja ungeyeyuka jioni hiyo hiyo, nao wangerudi katika shamba la Bwana Kinoo, kila mmoja na minong'ono yake. Alitaka umoja ubaki na imani ya maji itulie. Hakutambua kwamba umoja na maji vilikuwa vimekwisha kuchanganyika, na huwezi kuchuja kimoja ukabaki na kingine. Kosa lake, kwa hiyo, limetokana na kuwapenda watu wake. Kosa la namna hii ndilo tunaloliita la kitanzia.

Mgeuko na utambuzi

Katika tanzia nyingi utambuzi hufuata mgeuko: mambo yanaharibika, ndipo mhusika anafumbuka macho. Kinjeketile imepindua utaratibu huo, na jambo hili halitajwi vya kutosha katika majibu ya watahiniwa. Kinjeketile anatambua mapema. Anaona kwamba binadamu anaweza kuzaa wazo, wazo likakua likamzidi kimo, kisha likamtawala yeye aliyelizaa. Analiona hilo watu wakiwa bado wanashangilia. Kutoka hapo mpaka mwisho anatembea akiwa na ujuzi ambao hauwezi kumsaidia.

Mgeuko unakuja wapiganaji wanapochoka kungoja. Onyo la kusubiri, lililonuiwa kuwaokoa, halina nguvu tena, kwa sababu yule yule aliyelitoa ndiye aliyewapa maji. Anayeamini kwamba risasi haitamdhuru, atasubiri nini? Ndiyo maana nasema kwamba hawakumwasi Kinjeketile. Walimtii. Walilitii neno lake la kwanza, wakaliacha la pili. Hiki ni kinaya cha hali ya juu: nabii anashindwa na wafuasi wake kwa sababu wanamwamini kupita anavyojiamini mwenyewe.

Kisha risasi zinalia, na sauti za "Maji! Maji!" zinazimika.

Jazanda ya maji na ya neno

Usiandike katika mtihani kwamba "maji ni jazanda ya uhai" ukaishia hapo. Fuatilia jinsi jazanda hiyo inavyobadilika. Kwanza maji ni kaburi, kwa kuwa mto unammeza Kinjeketile. Pili ni uzazi, kwa kuwa mto unamtoa akiwa mtu mpya. Tatu ni kiungo, kwa kuwa watu wa makabila mbalimbali wanakuwa jamaa moja kwa kuyashiriki. Nne yanarudi kuwa kaburi, safari hii la maelfu. Jazanda imezunguka na kurudi ilikoanzia. Mzunguko huo unaipa hadhira hisia kwamba mwisho ulikuwa ndani ya mwanzo, na hisia hiyo ni alama mojawapo ya tanzia.

Sambamba na maji kuna neno. Maji yanaonekana, yanashikika, yanamwagwa. Neno halishikiki. Mwishoni maji yamekauka, neno limebaki. Mtahiniwa anayezifuatilia jazanda hizi mbili kwa pamoja ataelewa kwa nini mandhari ya gerezani ni kilele na wala si kiambatisho tu.

Kukataa gerezani

Tumefika pale ambapo mwandishi aliiacha tarihi. Vita vimeshindwa. Kinjeketile na Kitunda wamekamatwa. Wajerumani wanamtaka Kinjeketile aseme jambo moja dogo: kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda naye, rafiki aliyekuwa naye toka mwanzo, anamsihi aseme. Anachoombwa si uongo. Risasi zimekwisha kutoa ushahidi. Ukweli uko wazi kama jua la mchana.

Naye anakataa.

Ninajua kwamba darasani patatokea mwanafunzi atakayeuliza, "Mwalimu, basi si mwongo huyu? Watu wamekufa, naye bado hataki kukiri?" Tafadhali usimkemee mwanafunzi huyo. Ameuliza swali bora kuliko yote. Kinjeketile anaona mbali kuliko swali aliloulizwa. Anafahamu kwamba akikiri maji yalikuwa uongo, mtawala hatasema, "Maji yalikuwa uongo." Atasema, "Kupigana kulikuwa kosa." Atawaambia hivyo watoto wao na wajukuu wao. Ukweli mdogo kuhusu maji ungetumika kuuzika ukweli mkubwa kwamba watu wana haki ya kukataa kutawaliwa. Wakati ule neno limekwisha kuzaliwa, na Kinjeketile anaamua asiwe yeye wa kulinyonga.

Lakini tusimfanye malaika. Ukimya wake wa kwanza, kabla ya vita, uliwapeleka watu mbele ya bunduki. Ukimya wake wa pili, gerezani, unaihifadhi sababu ya wao kwenda. Ni mtu yule yule, ni ukimya ule ule, mmoja ni kosa na mwingine ni ushujaa. Hadhira haiwezi kuusifu wa pili bila kuukumbuka wa kwanza. Tunamhurumia, na tunaogopa, kwa sababu hatujui sisi wenyewe tungelisema nini. Hiyo ndiyo huruma na hofu aliyoitaja Aristotle.

Ulinganisho na tamthilia nyingine

Ili hoja hii ikae sawasawa, tulinganishe kwa ufupi. Katika Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo iliyotoka kwa Kiingereza mwaka wa 1976, Kimathi naye yuko kizuizini, naye anashawishiwa mara kadhaa asalimu amri, anakataa. Tofauti ni kwamba Kimathi hana shaka na neno lake. Mgogoro wake ni kati yake na adui. Ni tamthilia ya shujaa, nayo inatutia ari. Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mwelusi anauawa kwa mkono wa ndugu yake Gege. Maangamizi yake yanatoka kwa msaliti, si ndani ya nafsi yake. Mgogoro mzito wa Kinjeketile uko kati yake na nafsi yake, na hata kama Mjerumani angekufa kwa homa, mgogoro huo ungebaki. Mtahiniwa akiulizwa atofautishe tamthilia ya kishujaa na tanzia, ulinganisho huu utamfaa.

Pingamizi

Kuna wanaodai kwamba Kinjeketile si tanzia kamili, kwa sababu mwisho wake una tumaini. Wanauliza: neno likibaki hai, maangamizi yako wapi? Pingamizi hili lina uzito. Hadhira ya 1969 ilijua kwamba uhuru ulikuwa umepatikana tarehe 9 Desemba 1961. Ilijua pia kwamba Julius Nyerere, alipozungumza mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 1956, aliwakumbuka wapiganaji wa Maji Maji na kueleza kwamba walichukua silaha kwa kuwa hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala, wala si kwa sababu ya kiapo cha kishirikina. Neno lililokataa kufa gerezani lilikuwa limefika mbali.

Hata hivyo, tumaini hilo ni letu sisi tuliozaliwa baadaye. Kinjeketile hakuliona. Walioanguka hawakuliona. Tumaini la wajukuu halifuti machozi ya mjane, na Hussein hatuombi tuyafute. Isitoshe, tanzia haikatazwi kuacha mbegu. Inachokatazwa ni kujifanya kwamba mbegu hiyo haikugharimu kitu.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, ukifundisha tamthilia hii kama somo la historia lenye mazungumzo, wanafunzi watatoka na tarehe. Ukiifundisha kama hadithi ya mganga aliyewadanganya watu, watatoka na dharau, na huo utakuwa ushindi wa yule afisa aliyetaka Kinjeketile akiri. Ifundishe kama tanzia: ya mtu aliyewapa watu wake kitu walichokihitaji mno, yaani umoja, ndani ya chombo ambacho hakikuweza kuhimili vita. Waache wanafunzi wabishane kuhusu ukimya wake. Darasa litakaloshindwa kukubaliana litakuwa limeisoma tamthilia vizuri.

Nawe mtahiniwa, kumbuka kwamba anayesahihisha hatafuti idadi ya maiti. Anatafuta kama umeona mahali ambapo wema wa mhusika na maangamizi yake vinakutana. Taja mahali hapo, toa mfano, eleza. Usimwage maji tu.

Maswali ya marudio

1. "Kinjeketile hakuasiwa na watu wake, alitiiwa kupita kiasi." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia.

2. Eleza jinsi jazanda ya maji inavyobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho wa tamthilia, na uonyeshe uhusiano wake na jazanda ya neno.

3. Kinjikitile wa historia alinyongwa kabla ya shambulio la Mahenge. Fafanua athari ya kisanaa ya uamuzi wa mwandishi kumwacha mhusika wake aishi hadi baada ya kushindwa.

4. Linganisha kukataa kwa Kinjeketile na kwa Kimathi katika Mzalendo Kimathi. Ni kupi kunakodhihirisha tanzia zaidi, na kwa nini?

5. Je, ukimya wa Kinjeketile ni kosa au ni ushujaa? Tetea msimamo wako kwa hoja nne.